Sindano ya kuongeza damu kwa mgonjwa wa figo si ya uzazi wa mpango

Mama, mlezi, kama unamuuguza mtu anayesafishwa damu Bugando au hospitali nyingine, huenda ameandikiwa sindano ya erithropoietini, kwa kifupi EPO. Huku Shinyanga na Geita, ukitaja "sindano ya homoni" wengi hufikiria uzazi wa mpango, na wapo wanaoikataa kwa sababu hiyo. Kwa mgonjwa wa figo, kuikataa kunaweza kumrudisha kwenye kuongezewa damu kila mara.

Homoni ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu. EPO hutengenezwa na figo, na huuambia uboho ulio ndani ya mifupa utengeneze chembe nyekundu. Figo zikiharibika kwa presha, kisukari, au sumu kama zebaki ya kukamatia dhahabu, ujumbe hupungua na damu hushuka. Sindano inaurudisha ujumbe huo. Haizuii mimba.

Kwa nini asiongezewe damu tu? Damu huokoa maisha ikishuka sana. Lakini akiongezewa mara kwa mara, mwili hujenga kinga dhidi ya tishu za watu wengine, na kumpata ndugu wa kumpa figo inayomfaa huwa kugumu. Hilo ni muhimu sasa, maana Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017 na Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018.

Mambo ya kuzingatia:

- Damu haipandi siku hiyohiyo. Subiri wiki 2 hadi 6.
- Bila madini chuma ya kutosha sindano haifanyi kazi vizuri. Juisi ya rozela haiwezi kuwa mbadala wa dawa alizoandikiwa.
- Usidai dozi kubwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wagonjwa wa figo waliopandishiwa damu kulenga 13.5 walipata madhara mengi zaidi, vikiwemo vifo, kuliko waliolenga 11.3.
- Inaweza kupandisha presha. Akiumwa kichwa sana, akidhoofika upande mmoja, akibanwa kifua au akipata degedege, mwahishe hospitali.
- Itunzwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Isigandishwe wala isitikiswe.

Mjamzito au mtoto mwenye upungufu wa damu mara nyingi ana tatizo la madini chuma, malaria, minyoo au selimundu. Usimnunulie EPO duka la dawa. Mpeleke zahanati akapimwe, atibiwe chanzo.

Kuhusu gharama, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kabla ya kuchagua kifurushi, uliza mambo mawili: je, kinalipia kusafisha damu? Na je, kinalipia sindano hii? Jibu la kwanza likiwa ndiyo, usidhani la pili nalo ni ndiyo. Sindano ikikosekana kwa wiki kadhaa, damu hushuka tena. Ukiona fedha zinapungua, mwambie daktari au nesi mapema, kabla dozi haijakatika.