Mashine ya Mchezo Imetoka Wapi?

Jioni moja tulikuwa tukicheza mpira wa televisheni, kwa umeme wa jua, hapa Nyamitaba. Mwanafunzi mmoja akatuuliza: "Mwalimu, mashine hii imetoka wapi?" Tukamjibu upesi: "Japani." Usiku tuliona ya kuwa tumempa nusu ya jibu.

Kwa maana ndani ya mashine za namna hii mna vipande vidogo sana, kazi yake kushika umeme na kuuachilia kwa kiasi. Vingine hutengenezwa kwa tantali, nayo tantali hutolewa katika koltani, yale mawe meusi yachimbwayo kwa sururu huko Rubaya, humu humu Masisi. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilipotoka na simu za mkononi zilipoenea, bei ya koltani ilipanda mno. Wengi wakaacha mashamba, na watoto wakaacha shule. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya.

Je, tuizime mashine? Hatusemi hivyo. Mchezo si kosa. Lakini wazee wetu wachezao igisoro hujua mti uliochongwa ubao wao. Nasi yatupasa kujua.

Kesho yake tulimwita mwanafunzi yule, tukammalizia jibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka yangu yuko Rubaya, anachimba."

Basi, wazazi na walimu, mtoto akiuliza, tusimpe nusu. Huenda nusu ya pili ni ndugu yake.