Pombe ya ulezi si gongo

Mwandishi anayetaka pombe zote za nyumbani Kyela zipigwe marufuku, kwa madai kwamba zote ni gongo, amechanganya mambo mawili. Gongo hukenekwa kwa mtambo, na ina sheria yake ya mwaka 1966. Pombe za kienyeji zimo katika Sheria ya Vileo ya 1968, inayotaka leseni kwa muuzaji. Bunge lilitofautisha, yeye kashindwa.

Mama wa Njisi, huko Kyela, anayepika pombe ya ulezi hana mtambo wowote. Huloweka ulezi, akauacha uchipue, akauanika na kuusaga. Kimea hicho hugeuza wanga wa uji anaoupika kuwa sukari, kisha hamira huigeuza sukari kuwa kilevi. Bia nyeusi ya Kiingereza iitwayo mild hufuata kanuni hiyohiyo, kwa shayiri na hopsi. Nao Waingereza walifuta leseni ya kujipikia bia nyumbani tangu 1963.

Mwandishi huyo anapodai usafi, namuunga mkono. Ila adui mkubwa hakumtaja: ukungu. Nafaka isiyokauka vizuri huweza kubeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, na kuchemsha hakuimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya chakula, si pombe. Je, kuna aliyepiga marufuku ugali? Wakulima walihimizwa kukausha na kuhifadhi nafaka vizuri. Basi mpika pombe naye apewe somo hilo, pamoja na turubai la kuanikia, kabla ya kutumiwa mgambo.