Tutafute Sababu, Tusitafute wa Kulaumiwa

Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikaua watu zaidi ya 30. Mtu akituambia hapa Buzebazeba kwamba mkimbizi ndiye chanzo, tumwulize: je, kama pangekuwapo vyoo na maji safi ya kutosha, maradhi yangeenea hivyo?

Jambo kufuata jingine si ushahidi kwamba limesababishwa nalo. Kijidudu chaweza kufika na yeyote. Huenezwa na maji yenye kinyesi, wala hakiulizi uraia.

Ndugu zetu, atajaye chanzo hutaja na wajibu. Amlaumuye mgeni atamfukuza. Ayatambuaye maji machafu atachimba choo. Haki yataka tuseme sababu ya kweli.