Boti za umeme: Hesabu itangulie, mota ifuate

KWA mvuvi mdogo wa Ziwa Victoria, petroli ndiyo yenye fungu la kwanza katika kila safari. Fedha ya mafuta hutoka kabla samaki hawajapimwa mwaloni, na usiku ambao nyavu zinarudi tupu, deni la mafuta hubaki palepale. Kwa hali hiyo, fundi anayejua mota na betri za pikipiki za umeme hana budi kujiuliza kama mota ya namna hiyo haiwezi kusukuma boti.

Jibu ni kwamba inaweza, na jambo lenyewe si geni. Mwaka 1838 Moritz von Jacobi aliendesha boti kwa umeme wa betri katika Mto Neva, St Petersburg. Mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé alipachika mota ya umeme nyuma ya boti na kuiendesha katika Mto Seine, Paris. Kinachotakiwa kujulikana leo ni safari gani inafaa kwa umeme na ipi haifai.

Kazi ya kuunda chombo hiki haimshindi fundi wa karakana ya kawaida. Injini ya kupachika ambayo kichwa chake cha petroli kimekufa bado ina mguu, mhimili, gia na propela. Fundi huondoa kichwa hicho, akafunga mota juu ya mhimili uleule, kisha akaunganisha kidhibiti mwendo na betri. Mota haina plagi, kabureta wala oili ya kuchanganya na petroli.

Ugumu uko kwenye betri. Lita 1 ya petroli ina nishati ya takriban uniti 9, kwa kipimo kilekile cha uniti za LUKU. Betri ya lithiamu ya volti 48 na ampea-saa 100 hubeba uniti 5 hivi tu. Ni kweli kwamba injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, wakati mota hupoteza kidogo. Hata hivyo, betri haiwezi kufanya kazi ya dumu la lita 20, na anayemwambia mvuvi vinginevyo anamdanganya.

Chukua mfano wa mtumbwi ambao mota yake inakula kilowati 2 kwa mwendo wa kilometa 7 kwa saa. Betri hiyo ikitumika hadi ibaki asilimia 20, itaendesha mota kwa saa 2, yaani kilometa 14, kwenda na kurudi. Mvuvi akitenga theluthi moja kwa ajili ya upepo wa mbele, hatakiwi kwenda zaidi ya kilometa 4.5 hivi kutoka pwani.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika boti ya umeme msemo huo ni hesabu kamili. Nguvu inayohitajika hupanda haraka kuliko mwendo wenyewe: kwa makadirio, mwendo ukiongezwa mara 2, nguvu huongezeka mara 8. Nahodha wa mfano wetu akipunguza mwendo hadi kilometa 5 kwa saa, betri ileile inaweza kumfikisha karibu mara mbili ya umbali wa awali. Kwa hiyo chombo hiki kinamfaa anayevua dagaa karibu, anayevusha abiria kwenye mkono mwembamba wa ziwa, au anayehudumia vizimba vya samaki. Anayekwenda mbali kutafuta sangara asiuze injini yake ya petroli.

Betri za gari, ambazo wengi huzikimbilia kwa sababu ya bei, zimetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache na hufa mapema zikitumiwa hadi kuisha kila siku. Waya nao usichukuliwe kwa mzaha. Kwa volti 12, kilowati 2 hupitisha ampea zaidi ya 160, lakini kwa volti 48 ni kama ampea 42. Waya mwembamba usio na fyuzi ni moto ndani ya chombo cha mbao, na waliomo hawana pa kukimbilia. Betri ifungwe chini, ndani ya sanduku lisilopitisha maji, na kafi au tanga visiachwe nyumbani.

Kuhusu kuchaji, paneli ya wati 300 yenye jua zuri la saa 5 kwa siku hutoa uniti 1.5, hivyo betri hiyo ingehitaji zaidi ya siku 3. Ni busara wavuvi kuwa na kituo cha pamoja mwaloni. Wavuvi wengi wa dagaa walikwisha kuacha karabai na kutumia taa za betri au za jua, kwa hiyo kuchaji kwa zamu si jambo geni kwao.

Hapa ndipo taasisi za umma zinapotakiwa kuonekana. TASAC, yenye jukumu la usalama wa vyombo vya majini, itoe maelekezo mepesi kwa Kiswahili juu ya waya, fyuzi na sanduku la betri, na boti hizi zikaguliwe kabla ya kubeba watu. VETA na SIDO ziwafundishe mafundi, na FETA, yenye kampasi Nyegezi mkoani Mwanza, izijaribu ziwani na kutangaza matokeo. Kuzipiga marufuku kutawafanya mafundi wafanye kazi kwa kificho. Kuzifumbia macho nako ni kungoja maafa.

Wakopeshaji na SACCOS nao wasitoe mkopo kwa kuangalia mota peke yake. Waulize mvuvi anakwenda umbali gani, kwa mwendo gani, na atachaji wapi. Mvuvi asiye na majibu hayo atajikuta na deni la betri badala ya deni la petroli, na siku upepo utakapogeuka, hatakuwa na umeme wa kumrudisha nyumbani.