Wino wa Fulana na Udhu wa Fundi



Mama mmoja wa Bunju alinisimamisha baada ya darsa la akina mama, akaniambia: "Ustadhi, mwanangu amepata kazi, alhamdulillahi, lakini naona kazi hiyo inamchukulia sala yake." Kijana wake ana umri wa miaka 19, naye anajifunza ufundi katika kibanda cha kuchapa fulana kando ya barabara ya Bagamoyo. Kila jioni hurudi nyumbani na vidole vyeusi. Adhuhuri humpita, alasiri humpita, na akiulizwa hujibu kwamba wino hautoki, na wino usipotoka udhu hausihi. Siku nyingine huosha mikono kwa petroli, na sasa ngozi imepasuka baina ya vidole. Mama alikuwa na swali moja tu: "Je, nimwambie aache?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba ruhusa niende nikaione kazi yenyewe, kwani si haki kuihukumu riziki ya mtu kwa kusikia.

Nilifika baada ya adhuhuri. Kijana alinipokea kwa shikamoo, na fundi mkuu akanivutia kiti. Siku hiyo walikuwa wakichapa fulana za madrasa moja kwa ajili ya Maulidi. Kazi yenyewe ni ya kupendeza kuitazama. Kuna fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa cha wavu mwembamba. Mahali pasipotakiwa wino matundu yamezibwa. Mahali penye maandishi yameachwa wazi. Wino humiminwa upande mmoja wa fremu, kisha fundi huuvuta kwa ubao wenye ulimi wa mpira, ambao wao huuita skwiji. Wino hupenya katika wavu ukakaa juu ya fulana, na fremu ikiinuliwa maandishi yanaonekana. Ubao huo wa mpira ndio mkono wa pili wa mchapaji: ulimi wake ukiwa umenyooka, maandishi hutoka safi, ukiwa na pengo dogo tu, kila fulana hubeba mstari usiotakiwa.

Adhana ya alasiri ikasikika, na kazi ikafika mwisho. Hapo ndipo nilipoyaona yale mama aliyoyalalamikia. Usafi wa vyombo aliachiwa kijana peke yake, kwa kuwa ndiye mdogo. Alichovya tambara katika petroli, bila glavu, akaanza kusugua ubao ulio bado na wino mzito kama uji. Wino mzima, ambao kesho ungechapa fulana nyingine, uliishia katika matambara na viganjani mwake. Kisha akautumbukiza ubao katika ndoo ya petroli ulale humo hadi asubuhi. Mabaki akayamwaga mtaroni. Alipomaliza, muda mrefu ulikuwa umepita, na mikono yake ilikuwa michafu kuliko wakati wa kuchapa.

Nilimwuliza fundi mkuu: "Bwana fundi, kwa nini asianze kwa kukwangua?" Akacheka kwa upole: "Mzee wangu, nasi tulifundishwa hivi hivi."

Ndugu msomaji, jibu hilo lilinifikirisha. Mwalimu wake hakumwonyesha, naye hamwonyeshi anayemfuata, na madhara yanarithiwa kana kwamba ni sehemu ya ufundi. Lakini si sehemu ya ufundi. Tulikaa sote watatu, na haya ndiyo tuliyokubaliana baada ya mazungumzo.

Kwanza, ujue wino wako. Wino wa fulana uko wa namna mbili kuu. Upo wa maji, ambao hukauka wenyewe kwa hewa; huo huondoka kwa maji na sabuni ukiwahiwa, lakini ukiachwa ukakauka hung'ang'ania mpira na kuziba wavu. Na upo wa plastiki, ambao haukauki kwa hewa hata ukikaa siku nzima; huo huiva kwa joto la karibu nyuzi 160 za Selsiasi. Basi mwenye wino wa maji aharakishe kuosha, na mwenye wino wa plastiki hana sababu ya kuikosa sala kwa kuhofia kwamba wino utakauka. Aufunike, aende msikitini, arudi aumalizie.

Pili, kukwangua hutangulia kuosha. Wino wote unaoweza kuondoka mkavu uondolewe mkavu, kwa kipande cha plastiki au kadi ngumu ya zamani, na urudishwe katika kopo lake, kila rangi mahali pake. Kisu cha chuma kisitumike, kwa kuwa hukata ulimi wa mpira. Baada ya kukwangua, futa kwa tambara kavu. Hapo ndipo huja dawa ya kuoshea, nayo iwe kidogo juu ya tambara, si ndoo nzima. Mpira ukilazwa katika petroli au tina huvimba na kupinda, na ubao uliopinda hauchapi sawa. Fundi mkuu alikiri kwamba hununua mpira mpya mara kwa mara, na alikuwa akidhani anauziwa mpira mbaya.

Tatu, petroli si sabuni. Ndani yake mna benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani, na petroli yenyewe huyayusha mafuta ya asili ya ngozi hata ikapasuka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa; hutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko la mkaa la jirani. Mwenye wino wa plastiki avae glavu zisizopenyeza mafuta wakati wa kusafisha. Wino ukigusa ngozi, apake mafuta kidogo ya kupikia, asugue, afute kwa tambara, kisha aoshe kwa sabuni na maji. Wino wa plastiki ambao haujapikwa hulegea kwa njia hiyo bila kuiumiza ngozi. Matambara yenye petroli au tina yawekwe katika debe la chuma lenye kifuniko, mbali na moto.

Nne, mtaro si jalala. Katika maeneo yetu nyumba nyingi zina visima, na kinachomwagwa leo mlangoni pa fundi hakijulikani kitaibukia katika ndoo ya nani. Mwenye kukwangua vizuri hubakiwa na wino mchache sana wa kumwaga. Huo, ukiwa wa maji aukaushe katika kopo, na ukiwa wa plastiki auivishe kwa joto, kisha autupe pamoja na taka ngumu.

Sasa turudi kwenye udhu, kwani hapo ndipo kijana alipojifunga. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, hutofautisha mambo mawili. Kuna kitu chenye mwili, chenye unene, kinachozuia maji kuifikia ngozi, kama nta au rangi ya ukutani iliyoganda. Hicho lazima kiondolewe kabla ya udhu. Na kuna rangi tupu iliyobaki baada ya mwili wake kuondoka, kama hina katika viganja vya bibi harusi. Hiyo haizuii maji na haiharibu udhu. Hakuna aliyemwambia bibi harusi asisali mpaka hina ifutike. Basi kijana wetu anapokwisha kuosha kwa mafuta na sabuni, akapitisha kidole asihisi utando wowote bali aone weusi tu, na atawadhe asali bila wasiwasi. Akihisi utando, aurudie kuuosha. Na mwenye ngozi iliyopasuka, ambaye maji yanamdhuru, amwendee imamu wake amweleze hali yake, kwa kuwa sheria imemwekea mgonjwa njia. Kuiacha sala si mojawapo ya njia hizo.

Kwa wenye vibanda nina neno moja. Kijana uliyepewa na wazazi wake umfundishe ni amana, na mikono yake ni sehemu ya amana hiyo. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomwajibisha mwajiri kulinda afya ya anaofanya nao kazi. Na kabla ya sheria hiyo, dini yetu ilikwisha kutukataza kumdhuru mtu na kutukataza israfu. Usimpe mdogo kazi ya usafi kama adhabu ya udogo wake. Shika kikwaruzo naye, umwonyeshe mara ya kwanza na ya pili. Wino utakaouokoa utalipia glavu, na mpira usiovimba utakuongezea faida.

Na kwa wazazi: msizidharau kazi za mikono kwa sababu zinachafua. Nabii Daud, amani iwe juu yake, alikula kwa jasho la mikono yake, na Nabii Zakaria alikuwa seremala. Mikono yao nayo ilishika vumbi na masizi. Mtoto akirudi nyumbani na vidole vyeusi, msianze kwa lawama. Mwulizeni: unasafisha kwa nini? Nani alikuonyesha? Unasali wapi? Mara nyingi kijana anayeiacha sala kazini hajaichukia sala. Amekutana na kizuizi kidogo, akaona haya kuuliza, na siku zikawa nyingi.

Nilirudi kwa yule mama na jibu langu: asimwachishe kazi. Amnunulie chupa ndogo ya mafuta ya kula na kipande cha sabuni, aviweke katika mfuko wake wa kazini. Baada ya majuma mawili nilipita tena pale kibandani wakati wa alasiri. Glavu zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari, ubao wa mpira umesimama mkavu ukutani, na fremu imefunikwa kwa plastiki. Kibanda kilikuwa hakina mtu. Jirani aliniambia: "Wamekwenda kusali, watarudi sasa hivi." Nikawafuata msikitini. Kijana alikuwa katika safu ya pili, kando ya fundi wake, na kucha zake zilikuwa bado na weusi kidogo.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki za watoto wetu, azihifadhi afya zao, na aijaalie kazi ya mikono yao iwe sababu ya kumkaribia Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.