SIFA YA AVOKA NA NYUMBA YA MGIRIKI



Tunapotafuta avoka, wengi kati yetu tunauliza mambo matatu: alisoma wapi, anatetea kampuni gani, ofisi yake iko barabara gani. Avoka wa kampuni za shaba tunamheshimu kupita daktari. Si ajabu. Wakati wa uhuru, 1960, Marcel Lihau, ambaye mwaka 1968 aliwekwa mkubwa wa kwanza wa Korti Kuu ya nchi, alikuwa angali mwanafunzi kule Ubelgiji. Kanzu nyeusi ilikuwa ya Mzungu. Leo watoto wetu wanaivaa, nasi tunapiga makofi.

Tumtazame basi Bwana Jean-Claude Muyambo. Alikuwa batonie, yaani mkubwa wa maavoka wote wa Lubumbashi. Baadaye akawa waziri Kinshasa. Nani angempita kwa sifa? Mwezi wa kwanza 2015, akiwa amekwisha kuacha upande wa serikali, alikamatwa. Shitaka: ati aliuza nyumba ya Mgiriki aliyekuwa amemkabidhi mambo yake. Yeye alikana. Mwaka 2017 tribunali ya Kinshasa ilimkatia miaka mitano.

Wengine husema: mwizi amepatikana. Wengine: mtu wa haki ameonewa. Sisi tunawauliza wote: mmeiona dosie? Kwa maana mwaka 2016, papa hapa Lubumbashi, tribunali ilimkatia Bwana Moïse Katumbi miaka mitatu, yeye hayupo, pia kwa ugomvi wa nyumba na Mgiriki; naye alikuwa ametangaza kwamba anataka kuwa prezidenti wa nchi. Kisha mkubwa wa tribunali hiyo, mwanamke, akaandika kwamba alilazimishwa kutia sahihi. Hakimu mwenyewe! Hukumu za nchi ya namna hiyo zaweza kutuambia nini juu ya sifa ya mtu? Na kama Mgiriki aliibiwa kweli, naye amenyimwa haki, maana nani atasadiki karatasi yake?

Hii si habari ya wakubwa tu. Mjane wa Katuba mwenye lupangu, mfanyakazi aliyeachishwa kazi bila hesabu yake kamili, wote wanampa avoka karatasi zao na kungoja. Akila mali yao, watashtaki wapi? Akiwa mwaminifu lakini wakubwa hawampendi, nani atamtetea yeye?

Twataka baraza la maavoka la Lubumbashi lidai kwa sauti: mashtaka ya mtu juu ya avoka wake yasikilizwe mbele ya watu, papa hapa zilipo nyumba, na hakimu asiyepigiwa simu. Aliyekula mali avuliwe kanzu, hata akiwa na diploma kumi. Aliyeonewa arudishiwe jina lake kwa maandishi. Nanyi ndugu, kabla ya kuacha karatasi ya lupangu mezani kwa bwana yeyote, daini kwanza stakabadhi yenye sahihi yake.