Utumbo Unaojimeza

Hapa Kasongo na Kabambare tumbo la mtoto likifungwa watu husema: ni minyoo, ama ni ulozi. Minyoo yaweza kulifunga, ni kweli. Lakini mtoto wa miezi 4 mpaka 10 akiisha kupata mafua au kuhara kwa ajili ya virusi, vile vijidudu vidogo mno, vivimbe vya ukuta wa utumbo hukua. Utumbo huvivuta kama chakula, na sehemu moja huingia ndani ya nyingine, kama mkono wa shati uliogeuzwa.

Sikiliza kilio chake. Analia sana, anakunja miguu, kisha ananyamaza kama amepona. Baada ya dakika 15 au 20 anaanza tena. Halafu anatapika maji ya kijani, na choo chake ni kamasi yenye damu.

Mama, usimtie dawa ya majani kwa njia ya haja. Najua bibi atakuambia ufanye hivyo, naye anampenda mjukuu wake. Lakini dawa ile yaweza kutoboa utumbo. Njia ya Kabambare ni mbaya wakati wa mvua. Hata hivyo usingoje kesho. Utumbo uliokosa damu huoza, na munganga akifungua tumbo siku ya tatu, mara nyingi hukuta umekwisha kufa.